Je, wajua kwa nini dona hufunga nyuzi?

Kiroba cha dona kikikaa mwezi mzima kwenye stoo ya duka pale Ngamiani, Tanga, siku ya kukifungua unga hutoka kwa mabonge yenye nyuzi. Lawama huenda kwa buibui, au kwa unyevu wa pwani. Libane bonge moja kwa vidole. La unyevu husagika. Hili huvutika, likabaki linaning'inia kidoleni. Hiyo ni hariri, na mwenyewe ni kiwavi wa nondo.

Kiwavi huyo ana tezi za hariri zinazofungukia karibu na mdomo, na kila apitapo huacha uzi. Huko Ulaya nyuzi hizo ziliziba mabomba na chekeche za vinu mpaka mashine zikasimama. Nondo wa kule, Ephestia kuehniella, alipewa jina mwaka 1879, na wagonjwa wake ndio waliompa Ernst Berliner wa Ujerumani ugunduzi mkubwa: mwaka 1911 alichunguza viwavi waliokuwa wakifa katika unga kutoka Thüringen, akapata bakteria anayeharibu utumbo wao. Ndiye Bacillus thuringiensis, ambaye leo hutengenezewa dawa ya kunyunyizia viwavi mashambani.

Nondo wa Ulaya hapendi joto letu; akilelewa kwenye sentigredi 30 uzazi wake huporomoka. Katika nchi za joto anayetamba zaidi ni ndugu yake, Ephestia cautella, ambaye joto hilo hilo ndilo humfaa: kutoka yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja tu. Yai halifiki hata milimita moja, kwa hiyo chekeche la jikoni hulipitisha pamoja na unga. Unachokamata ni kiwavi mkubwa na utando wake, basi.

Dona huumia kuliko sembe kwa sababu kiini cha hindi, chenye mafuta, kimesagwa humo humo. Sembe imekobolewa, kiini kimekwenda na pumba.

Nondo anayeruka jikoni jioni hali unga. Huzaa, na baada ya wiki moja au mbili hufa. Kumpiga kwa kandambili kunaridhisha, ila mlaji yumo ndooni. Tena kiwavi akishiba hutoka, hupanda ukuta na kujifungia kifukofuko kwenye mshono wa kiroba, ufa wa dari au mfereji wa kifuniko cha ndoo. Ndiyo maana unga mpya ukimiminwa kwenye ndoo ile ile, nyuzi hurudi. Ioshe kwa maji ya moto, sugua mfereji wa kifuniko kwa mswaki mkuukuu, kausha kabisa.

Mayai huuawa na baridi. Gawa unga kwenye mifuko ya kilo moja au mbili, uweke kwenye friza ya sentigredi 18 chini ya sifuri kwa siku nne au zaidi. Mfuko mkubwa huchelewa kupoa katikati. Ukiutoa, usiufungue mpaka upate joto la chumbani, la sivyo hewa ya Tanga itaacha maji juu ya unga nao uvunde. Jua nalo husaidia, lakini tandaza unga mwembamba: ukiwa lundo, viwavi huzama chini kwenye ubaridi.

Asiye na friza na asage cha wiki mbili tu. Kikiisha, ndoo ioshwe kabla ya kwenda tena mashineni.