Imani na yakini: kumwamini Mungu si sawa na kuwa na hakika kwamba yupo

Bagamoyo ni mji wa dini. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapa mwaka 1868, na baadaye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, akaufanya kituo kikubwa cha tarika ya Qadiriyya, moja ya jumuiya za Kisufi katika Uislamu. Katika mji wa namna hii, kijana akisema "sina hakika kama Mungu yupo", wazazi husikia "nimeacha dini". Wanamwonea, kwa sababu hajasema hivyo.

Yakini ni jambo kuthibitika kwako hadi shaka ikose pa kuingilia. Imani ni kumkubali Mungu, kumtegemea na kumkabidhi maisha yako. Mwenye yakini huulizwa amejuaje. Mwenye imani huulizwa anamtegemea nani.

Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim anaomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa. Anaulizwa: kwani huamini? Anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Katika Marko 9, baba wa mtoto mgonjwa anamwambia Yesu kwamba anaamini, na papo hapo anaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mtoto akaponywa. Yule baba hakuambiwa akamalize shaka kwanza ndipo arudi.

Sasa mtazame Iblisi, maana kwangu yeye ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Alisemeshwa na Mola wake, akajibu, na bado akakataa kusujudu. Kuwapo kwa Mungu hakukuwa na utata kwake hata kidogo. Waraka wa Yakobo nao unasema mashetani wanajua Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Uhakika wanao tele, ila utii na tegemeo havipo.

Hata yakini yenyewe ina daraja. Masheikh hueleza tatu kwa mfano wa moto: kuona moshi ukajua kuna moto, kuuona moto wenyewe, kisha kuungua. Waumini wengi, nadhani, huishi na kufa wakiwa kwenye moshi, na swala zao ni swala. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, ameandika kwamba kuna wakati shaka ilimshika hadi akaacha kuyaamini hata macho yake.

Wanafalsafa nao wamo. Kant, mwaka 1781, alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba Mungu yupo wala kwamba hayupo. Hata hivyo hakuona kuwa hilo linaifuta imani. Kwa hiyo anayesema "jambo hili halijulikani" amejibu swali la yakini tu. La imani bado hajaligusa: huenda kesho alfajiri akasimama kuswali, au Jumapili akaenda misa. Na upande wa pili wapo wanaoishi bila Mungu kabisa, ambao ukiwauliza kama wana hakika kwamba hayupo, watakujibu hapana.