Daraja la London halikununuliwa kwa makosa

Hadithi hii imezunguka zaidi ya miaka 50: Mmarekani tajiri, Robert McCulloch, alilipa akidhani ananunua Tower Bridge, lile lenye minara miwili na sakafu inayofunguka kupisha meli kwenye mto Thames. Kumbe akauziwa daraja jingine.

Si kweli. McCulloch mwenyewe alikanusha, na Ivan Luckin, diwani wa London aliyesimamia mauzo, naye alikanusha.

Hata bila kauli zao, hadithi haisimami. Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894, halikuwa linauzwa. Lililouzwa ni London Bridge la mwaka 1831: daraja la mawe lenye matao matano, halina mnara wala sehemu inayonyanyuka. Lilikuwa likididimia taratibu mtoni, likawa halifai tena kwa magari ya zama zile, na jiji likatafuta mnunuzi waziwazi.

McCulloch alilichukua mwaka 1968 kwa dola 2,460,000. Mawe yalibomolewa, kila moja likaandikwa namba kuonyesha mahali pake, yakasafirishwa kwa meli hadi California, kisha kwa malori hadi Lake Havasu City, Arizona. Huko yalivalishwa juu ya kiunzi kipya cha zege, na daraja likazinduliwa Oktoba 1971.

Mtu anayehesabu jiwe kwa jiwe namna hiyo alijua vizuri alichonunua. Alikuwa anajenga mji mpya jangwani na alitaka kitu cha kuwavuta watu. Walikuja.