Hikikomori: kujifungia ndani kunakohesabiwa kwa miezi na miaka

Kiswahili kina maneno ya watu wasiotoka nje. Mgonjwa amelazwa, mfungwa amefungwa, na aliyejitenga na dunia kwa ajili ya ibada ametawa, ndiyo maana tunamwita mtawa. Lakini kijana asiye na kidonda, asiye na hukumu wala nadhiri, anayeingia chumbani kwake siku moja na kubaki humo miaka mitatu, huyo hatuna neno lake. Husemwa tu kwamba amejifungia, na wengi huongeza kwamba ni mvivu. Wajapani wanalo neno, nalo ni hikikomori.

Limeundwa na vitenzi viwili: hiku, yaani kuvuta au kurudi nyuma, na komoru, kujifungia ndani. Mtu amejivuta kutoka kwa wenzake akajifungia. Neno hilohilo hutaja hali na hutaja mtu, kwa hiyo mzazi anaweza kusema mwanawe ni hikikomori, na gazeti likaandika kwamba hikikomori imeongezeka. Lilikuwa likitumika na wataalamu kabla, ila lilienea kwa watu wote baada ya mwaka 1998, daktari wa magonjwa ya akili Saitō Tamaki alipochapisha kitabu kuhusu vijana wa namna hiyo. Mwaka 2010 liliingia hata katika kamusi ya Kiingereza ya Oxford, bila kutafsiriwa.

Mwaka huohuo wa 2010, mwongozo wa Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ya Japani ulilifafanua hivi: mtu anakwepa kushiriki katika jamii, iwe ni shule, kazi (hata kibarua cha muda) au kuchangamana na watu nje ya nyumbani kwao, na kwa jumla anabaki nyumbani kwa miezi 6 au zaidi. Kuna kipande kidogo cha maelezo hayo ambacho wengi hukiruka, nacho kwangu ndicho kiini chake. Mwongozo unasema kwamba anayetoka nje bila kukutana na mtu kwa maana yoyote, naye amo.

Mfikirie mwanamume wa miaka 27. Mchana kutwa amelala, mapazia yamefungwa. Saa tisa usiku, wazazi wakiwa usingizini, anavaa kofia, anateremka ngazi kwa soksi ili mbao zisilie, anavaa viatu mlangoni, anatembea hadi kwenye duka linalokesha. Anachukua mkate na soda, anaviweka mbele ya muuzaji, anatikisa kichwa anapoulizwa kama anataka mfuko, analipa, anarudi. Ametoka nje, amepigwa na hewa ya usiku, pengine hata mara nne kwa wiki. Lakini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hakuna anayemngoja mahali. Akikosa kwenda dukani mwezi mzima, hakuna atakayeuliza yuko wapi.

Huyo ni hikikomori. Tafiti za serikali ya Japani humhesabu pamoja na asiyetoka chumbani kabisa, asiyetoka nje ya nyumba, na anayetoka pale tu panapokuwa na jambo analolipenda yeye binafsi. Kwa hiyo anayepima hali hii kwa kuhesabu mara ambazo mtu amevuka kizingiti anapima kitu kingine. Kinachopimwa hasa ni uzi uliomuunganisha na watu, na kama umekatika. Kinyume chake, mwandishi anayefanya kazi chumbani mwezi mzima huku akipiga simu, akibishana na mhariri wake na kutembelewa na rafiki siku ya Jumapili, hajafika huko hata kama hajaliona jua.

Sisemi kwamba kutoka hakuna maana. Kundi la watafiti wakiongozwa na Katō Takahiro, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Kyūshū, limependekeza ngazi: anayetoka siku 2 au 3 kwa wiki ana hali nyepesi, anayetoka siku 1 au pungufu ana hali ya wastani, na ambaye hatoki hata chumbani ana hali kali. Anayetoka siku 4 au zaidi kwa wiki, kwao, hahesabiwi. Hapo wanatofautiana na tafiti za serikali, na tofauti hiyo inaonyesha jinsi mpaka wenyewe ulivyo mgumu kuuchora. Wanasisitiza pia jambo la pili: hali hiyo iwe inamtesa mtu au inamharibia maisha. Wapo wanaopenda ukimya na wanaishi nao vizuri.

Ni wangapi? Ofisi ya Baraza la Mawaziri ya Japani imefanya tafiti kadhaa. Wa mwaka 2010 ulikadiria watu 696,000 wenye miaka 15 hadi 39. Kwa miaka mingi ofisi hiyo haikuuliza habari za waliovuka 39, kwa kuwa hikikomori ilidhaniwa ni mambo ya ujana yanayopita. Hatimaye mwisho wa 2018 wakaulizwa wenye miaka 40 hadi 64, na makadirio yakatoka 613,000. Utafiti uliofanyika mwisho wa 2022 ulijumuisha umri wote kuanzia 15 hadi 64 na kukadiria watu milioni 1.46, takriban mtu 1 kati ya 50. Takriban mmoja kati ya watano kati yao alitaja janga la korona kuwa miongoni mwa sababu. Na ile picha iliyozoeleka ya kijana wa kiume haikutosha tena: kati ya wenye miaka 40 hadi 64, wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Mwanamke anayekaa nyumbani huitwa mama wa nyumbani au msaidizi wa wazazi, basi mara nyingi hakuhesabiwa. Hilo linanisikitisha kuliko tarakimu zote nilizozitaja.

Kuingia ndani huanza kwa jambo linaloeleweka kabisa. Mtoto anaonewa shuleni, anakosa siku moja, kisha wiki. Kijana anashindwa mtihani wa kuingia chuo. Mfanyakazi anaachishwa kazi au anaugua kwa kuzidiwa nayo, naye anajiambia atapumzika kidogo. Siku za kwanza ni nafuu kweli, mwili unatulia. Kisha zinakuja siku za kujieleza. Ukikosa siku tatu unaweza kusema ulikuwa unaumwa. Ukikosa miezi mitatu utasema nini? Kila siku inayopita inaongeza maelezo yatakayodaiwa, na kila maelezo yanayodaiwa yanaifanya kesho iwe nzito zaidi. Aibu inazaa kujificha, kujificha kunazaa aibu nyingine. Anayemwona kwa nje anadhani amestarehe, kumbe ndani ya chumba kile mtu anajilaumu tangu anapoamka. Uvivu hauumi hivyo.

Kwa nini Japani ndiko neno lilikozaliwa? Sababu moja imo katika kalenda. Mwaka wa shule huanza Aprili, na makampuni makubwa huajiri wahitimu kwa mkupuo, wakaanza kazi pamoja mwezi huohuo. Aliyepitwa na lango hilo hupata shida kubwa kulirudia. Kiputo cha uchumi, yaani bei za ardhi na hisa zilizokuwa zimevimba kupita kiasi, kilipopasuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliohitimu tangu kati ya muongo huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta nafasi chache mno. Wajapani wanakiita kipindi hicho zama za barafu za ajira. Vijana wale leo wana miaka 40 na 50 na kitu. Sababu nyingine ni sekentei, yaani sura ya mtu na nyumba yake machoni pa watu. Wazazi wanaona haya kusema, hivyo jirani hajui, shangazi haambiwi, na mtaalamu hafikiwi. Chumba kimoja kimefungwa, na baada ya muda nyumba nzima nayo imefungwa.

Intaneti na michezo ya video ndiyo inayolaumiwa kwanza, na sikubaliani na lawama hiyo. Kitabu cha Saitō kilitoka wakati intaneti ilikuwa bado ngeni majumbani, na watu aliowaeleza walikuwa wameshajifungia miaka kabla ya hapo. Skrini inafanya chumba kiweze kukalika, hilo kweli. Lakini kwa wengine ndilo dirisha pekee lililobaki wazi, na mzazi anayekata waya kwa hasira anaweza kuwa amekata uzi wa mwisho.

Je, ni ugonjwa? Si ugonjwa unaojitegemea. Toleo la mwaka 2022 la mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani limeitaja miongoni mwa namna ambazo tamaduni mbalimbali huelezea mateso ya nafsi. Wapo wanaojifungia kwa sababu ya sonona, skizofrenia au hofu kali ya kukaa mbele za watu, nao wanahitaji tiba ya maradhi hayo. Wapo pia ambao hawana ugonjwa wowote walipoingia. Hata hao, miezi ya gizani huwadai: saa ya mwili inayorekebishwa na mwanga wa mchana hupotea njia, usiku ukawa mchana, vitamini D hupungua, misuli hulegea. Na Japani haiko peke yake, kwani visa vimeelezwa Italia, Hispania, Hong Kong na kwingineko. Korea Kusini ilifika mahali, mwaka 2023, pa kutangaza posho ya hadi won 650,000 kwa mwezi kwa vijana waliojitenga wenye miaka 9 hadi 24.

Wanaobeba mzigo huu kimyakimya ni wazazi. Mama anaacha trei ya chakula mlangoni, anaondoka, anarudi baada ya saa moja kuchukua vyombo vitupu, na vyombo hivyo ndivyo vinavyomwambia kwamba mwanawe yu hai na amekula. Wengine huandikiana vikaratasi. Wamezoea, miaka imekwenda, na leo Wajapani wana msemo mwingine, tatizo la 8050: mzazi wa miaka 80 anamtunza kwa pensheni yake mtoto wa miaka 50. Mzazi akianguka au akifariki, mtu wa kwanza anayepaswa kupiga simu ni yule ambaye kupiga simu ndiko kunakomshinda.

Yamezuka makampuni yanayolipwa na wazazi kuwatoa watu kwa nguvu: wanaume wanaingia chumbani bila hodi, wanamchukua aliyemo na kumpeleka bwenini mbali na kwao. Yamelaumiwa vikali na hata kufikishwa mahakamani na waliotolewa hivyo. Lawama hiyo ni haki. Ikiwa kilichokatika ni uzi, kumburura mtu hadi barabarani hakuungi kitu; kunamfundisha tu kwamba hata mlango wa chumba haumlindi, na kwamba waliomsaliti ni wazazi wake.

Mwongozo wa 2010 unaanzia mahali pengine, kwa familia yenyewe. Mzazi anasaidiwa kwanza, anapata mtu wa kumsikiliza, anajifunza kusalimu bila kuhoji na kuongea habari za kawaida bila kuzimalizia kwa swali la kazi. Baada ya hapo, kama mlango umefunguka kidogo, ndipo msaada wa mtu mmoja kwa mmoja, kisha vikundi vidogo, kisha kujaribu kazi. Tangu 2009 serikali imekuwa ikifungua vituo vya ushauri katika mikoa na miji mikubwa. Kuna pia mashirika yenye wale wanaoitwa dada wa kukodi. Dada huyo haanzi kwa kuja. Anaanza kwa barua. Baada ya barua kadhaa anakuja, anajitambulisha kwa sauti kupitia mlango uliofungwa, anaongea kidogo, anaaga. Wiki nyingine anarudi. Inaweza kuchukua miezi kabla ya kujibiwa.

Kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha Fujisato, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, ambao wakati huo ulikuwa na wakazi wasiofika 4,000. Baraza la ustawi wa jamii la mji lilipita nyumba kwa nyumba, na kufikia 2010 likawa limepata watu 113 waliojifungia. Wafanyakazi wake waliandaa shughuli za burudani na kuwaalika, wakidhani watu hao wanahitaji kuchangamshwa. Karibu hakuna aliyekuja. Baadaye wakapeleka tangazo la mafunzo ya kuhudumia wazee, yenye cheti mwishoni, na hapo watu wakaanza kujitokeza, wengine wakiwa hawajaonekana kwa miaka. Kumbe walikuwa wakisoma kila karatasi iliyopitishwa mlangoni. Baraza likafungua kituo kiitwacho Komitto, chenye sehemu ya kulia inayouza tambi za soba, na baadhi ya waliokuwa wamejifungia ndio wanaozipika na kuwapelekea wateja mezani.