Tangi la mafuta likivuja, nani hulipa?
Kisumu wengi huamini kwamba tangi la petroli lililozikwa likivuja, serikali ndiyo hugharamia usafishaji. Kumbe Sheria ya Mazingira ya Kenya ya 1999 inafuata kanuni nyingine: mchafuzi ndiye hulipa, pamoja na kufidia walioathirika.

Jambo hili lanigusa kwa sababu mafuta hayo yaweza kufikia visima vifupi vya mitaa ya Nyalenda na Manyatta, Kisumu. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji ndooni, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande, huenda ni bakteria wa chuma tu. Ukijiunga tena, yaelekea ni mafuta. Maji yakinuka petroli, usiyanywe hata yakichemshwa.

Mwarifu afisa wa mazingira, kisha uombe kwa maandishi ripoti ya tathmini ya mazingira ya kituo cha mafuta unachokishuku. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.