Ushauri nasaha kwa simu: siri ya ndoa si mali ya kundi la ukoo

Tangu kliniki yetu ianze kutoa ushauri nasaha kwa simu, malalamiko yanayotufikia yamebadilika sura. Zamani watu walilalamikia foleni. Sasa wanalalamika kwamba waliyomwandikia mshauri wameyakuta kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, yamepigwa picha ya skrini na mashemeji wanayajadili. Wengine wamemtumia pesa "mwanasaikolojia" wa mtandaoni, na muamala ulipokamilika tu akawabloku. Makala hii inaeleza kipi ni kosa, na malalamiko yapelekwe wapi.

Kabla ya hapo, jambo ambalo tumechoka kulirudia dirishani: kuzungumza na mshauri si kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Na hata anayepelekwa Mirembe anapelekwa hospitali, kama anayepelekwa Muhimbili kwa ajili ya moyo.

Chukulia mume ni dereva wa lori, yuko kwenye foleni ya mpaka Tunduma. Mke yuko Mbagala, chumba kimoja na watoto, na ukuta unaomtenga na mpangaji mwenzake haufiki darini. Kikao cha wanandoa kinafanyika kwa video. Mke anajibu "ndiyo" na "hapana" basi. Mume anadhani mkewe hana la kusema, na mshauri asiyezijua nyumba za kupanga anaandika kwenye jalada kwamba mteja hatoi ushirikiano. Atautoaje, na mama mwenye nyumba yuko dirishani anachambua mchicha?

Kwa sababu hiyo mshauri wetu huanza na maswali ya kujibiwa kwa neno moja: uko peke yako? Simu ni yako? Kuna mwingine anayejua nywila yake? Kisha wanakubaliana neno la tahadhari. Mteja akiuliza ghafla bei ya mkaa, mshauri anajua kuna mtu ameingia na mazungumzo yanageuzwa hapo hapo. Ujumbe wa kukumbusha miadi hautaji kliniki, na ushauri hautumwi kwa ujumbe wa sauti, hata mteja aombe vipi. Tunaambiwa tuna urasimu. Sauti ikishatoka kwenye simu moja hairudishwi, ndiyo sababu.

Teknolojia pia haimwondolei mtu mila zake. Mkwe hawezi kuzungumzia mambo ya chumbani mama mkwe akiwa anasikia, na wanawake wengi hawatayazungumza mbele ya mshauri wa kiume, tena kijana. Omba mshauri wa kike; ombi hilo halihitaji maelezo. Mzee atasema kichwa kinawaka moto na moyo unakwenda mbio, hatasema ana huzuni. Mshauri anayejua kazi yake ataanzia hapo kwenye kichwa. Anayeombewa na mchungaji au kusomewa dua na shehe hatumkatazi. Tunachokataza ni kuacha dawa bila kumwambia daktari.

Kuhusu programu za akili mnemba, ambazo vijana wengi sasa wanaziuliza habari za ndoa zao usiku wa manane: zinajibu haraka na kwa upole, na hilo lina thamani kwa aliyekosa wa kumsikiliza. Lakini mara nyingi ushauri wake ni wa watu wawili wanaoishi peke yao. "Jitenge na wanaokuumiza." Mwanamke anayelima shamba la ukoo wa mume, mwenye mahari inayodaiwa na watoto waliolelewa na bibi yao, ajitenge aende wapi? Mshauri binadamu atauliza nani aliposa, nani alikuwa mshenga, na nani huyo mume anamsikiliza. Usiziandikie programu hizo jina la mwenzio wala ugonjwa wake. Na mtu akitaja kutaka kujiua, acha kuchati. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali iliyo karibu.

Mshenga na wazee wana nafasi yao, nasi tunawaita. Ila wanaitwa kwa ridhaa. Fomu yetu inataka jina la anayeruhusiwa kushirikishwa, mambo anayoruhusiwa kuyajua na muda wa ruhusa hiyo, na mteja anaweza kuifuta. Ukoo kuchangia harusi hakuupi haki ya kusoma jalada.

Sasa sheria za Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida haziwezi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi. Mtoa huduma anayezitoa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, anakabiliwa na faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Kampuni ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Ndugu anayefungua simu ya mwenzake bila ruhusa asidhani yuko salama kwa kuwa ni ndugu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inataja faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumuumiza kihisia ni kifungu cha 23, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Ndoa haijatajwa popote kama kinga.

Jingine: kliniki haitoi cheti cha kupeleka mahakamani kudai talaka. Kwa mujibu wa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri hupelekwa kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika mazingira maalumu yaliyotajwa hapo. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa cheti, na cheti hicho kisiwe kimepita miezi sita siku unapofungua shauri. Picha za skrini za mazungumzo na mshauri si mbadala wake. Tafadhali msizilete.

Mwenye lalamiko la siri kuvujishwa na mtoa huduma aanze kwa barua kwa kiongozi wa kituo, ikitaja tarehe ya kikao, namba ya simu iliyotumika na mahali taarifa ilipoonekana. Asiporidhika, aende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama mhusika ni ndugu au jirani, nenda polisi. Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, na utunze ujumbe wa muamala. Usifute chochote kabla ya kuonyesha simu, na usiusambaze upya ujumbe huo kwa ajili ya kuomba ushahidi.