Kwa nini bisibisi ya nyota "hula" skrubu za pikipiki za Kijapani?

Aliyewahi kufungua kava la klachi la pikipiki kuukuu ya Kijapani uani kwake anaijua sauti hii: krrk. Bisibisi inapanda, inaruka, na ukitazama kichwa cha skrubu unakuta msalaba umegeuka kikombe. Mimi niliisikia mara tatu jioni moja, kwenye pikipiki ya miaka ya sabini niliyoikuta imelala bandani. Nikalaumu kutu, nikalaumu mikono yangu, mwisho nikasema bisibisi ni feki. Kumbe bisibisi ilikuwa nzima na nzuri tu, ila haikuwa ya skrubu zile.

Bisibisi ya nyota tuliyoizoea asili yake ni Marekani. Henry F. Phillips, wa Portland, Oregon, alinunua haki za ubunifu wa John P. Thompson, akauboresha, na mwaka 1936 akapata hataza. Mwaka huohuo General Motors ikaanza kutumia skrubu hizo kwenye Cadillac. Viwanda vilizipenda kwa sababu ncha ya bisibisi inajipeleka yenyewe katikati, na kwa mashine inayofunga skrubu kutwa nzima hilo si jambo dogo. Ila kuta za tundu lake zimeinama, kama faneli. Ukizungusha kwa nguvu, mwinamo ule unaisukuma bisibisi nje. Ndiyo maana inapanda hata ukiikandamiza kwa kifua.

Wajapani nao wana kiwango chao cha viwandani, JIS, na msalaba wa JIS unafanana na wa Phillips kiasi cha kukudanganya mchana kweupe. Tofauti iko ndani. Kona za msalaba wa JIS ni kali, ilhali bisibisi ya Phillips ina unene kidogo pale mabawa yake manne yanapokutana. Unene huo unagota kwenye kona kabla ncha haijafika chini. Basi bisibisi inaning'inia juujuu, imeshika ukingo tu, na chuma cha ukingo ndicho kinacholiwa. Bisibisi ya JIS huzama mpaka chini na kutulia. Tena hata skrubu ya Phillips inaishika vizuri, kwa hiyo ukinunua seti moja ya JIS hujapoteza kitu.

Utaitambuaje? Mulika tochi kichwani. Skrubu nyingi za JIS zina kidoti kimoja, kishimo kidogo kando ya msalaba. Halafu kuna suala la ukubwa, ambalo nadhani limeua skrubu nyingi kuliko kutu. Skrubu zenye shina la unene wa milimita 3 hadi 5, kama zile za bakuli la kabureta, hutaka bisibisi namba 2. Za milimita 6, ambazo ndizo nyingi kwenye kava la injini, hutaka namba 3. Bisibisi iliyo karibu na kila mmoja wetu ni namba 2. Inaingia, inacheza kidogo, tunaona imefaa.

Sasa ongeza miaka arobaini. Skrubu ni ya chuma, kava ni la alumini, na unyevu ukipita katikati alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe ilivyokuwa, kwa hiyo huibana skrubu kwenye hesi zake kama kabari. Hapo bisibisi ya mkono, hata ya JIS, huenda isitoshe, na ndipo bisibisi ya kugonga inapopata kazi. Ni kipande kizito cha chuma, hakitumii umeme, na ndani yake mna njia ya mshazari inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko mfupi. Uzuri wake ni kwamba pigo hilohilo linaibana ncha ndani ya skrubu wakati linaizungusha, kwa hiyo haipati nafasi ya kupanda. Izungushe kwanza kwa mkono upande wa kulegeza mpaka igote, kisha piga mara moja, pigo la uhakika. Ncha zinazouzwa nayo mara nyingi ni za Phillips, hivyo tafuta ncha ya JIS namba 3. Na usithubutu kuipeleka bisibisi ya kugonga kwenye kabureta, kabureta itapasuka.

Kama bado inagoma, pasha moto kava. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea kabla ya skrubu kunenepa. Ondoa petroli jirani kwanza, tafadhali.

Skrubu zangu tatu zilizogeuka vikombe nilizitoboa vichwa kwa keekee, kichwa tu, nikavua kava. Nilitarajia vita na vile vishina vilivyobaki. Viwili vilitoka kwa plaisi bila kelele, cha tatu kwa vidole. Sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa kwenye kichwa, kilichokuwa kimebanwa dhidi ya kava. Kilipoondoka, mvutano ukaisha.

Wakati wa kurudisha, wengi huweka skrubu za spana ya L, nami sioni ubaya, ila usisahau kwamba unazifunga kwenye alumini. Skrubu ya milimita 6 hapo hutaka kama nyutoni-mita 10, yaani nguvu ya kuning'iniza kilo 10 kwenye spana yenye urefu wa sentimita 10. Spana ya L ndefu inakuruhusu kuzidisha bila kuhisi, na hesi za alumini zikitoka zimetoka. Pia urefu wa skrubu haulingani kava zima. Chora umbo la kava kwenye boksi la katoni, toboa matundu, kila skrubu uichomeke mahali pake unapoitoa. Fupi ikiingia kwenye tundu la ndefu itashika hesi mbili tatu na kuzing'oa. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagota chini kabla kava halijabana, na mafuta yataanza kuvuja palepale huku wewe ukiendelea kukaza.