Maski na brashi katika kuhariri picha: zinafika wapi na zinakomea wapi

Katika programu za kuhariri picha, maski ni ramani inayolazwa juu ya picha ili kuieleza programu ni wapi badiliko lifanye kazi na ni wapi lisiguse kitu. Ramani hiyo huwa na weupe, weusi na kijivu cha kila kiwango: palipo peupe badiliko huingia lote, palipo peusi haliingii kabisa, na penye kijivu huingia kwa kiasi. Brashi ni mojawapo tu ya njia za kuichora ramani hiyo kwa mkono. Mhariri anapopitisha brashi juu ya uso wa bibi harusi na kuuongezea mwangaza, hapaki mwangaza wowote. Anatoa ruhusa ya hesabu fulani kufanyika juu ya pikseli (vinukta vinavyoiunda picha) zilizopo hapo, na zile za pembeni ziachwe zilivyo.

Kwa kuwa kazi ya maski inaishia kwenye kuamua mahali pa badiliko, haiwezi kuongeza chochote ambacho kamera haikukirekodi, haiwezi kutenganisha vitu ambavyo sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, imekwisha kuvichanganya, na wala haijui mwanga ulitoka upande gani. Mambo hayo matatu yanaeleza karibu kila picha iliyohaririwa kwa bidii kubwa ikaishia kuonekana bandia, hata machoni pa mteja asiyejua lolote kuhusu kompyuta.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Katika chumba cha giza, mchapaji wa picha alikinga sehemu ya karatasi kwa kiganja au kipande cha kadibodi ili itoke nyeupe zaidi, na sehemu nyingine akaiachia mwanga kwa sekunde kadhaa za ziada ili iwe nyeusi. Photoshop ilipata matabaka, yaani picha zinazolazwa moja juu ya nyingine, mwaka 1994, Lightroom ikapata brashi ya marekebisho katika toleo lake la 2 mwaka 2008, na kuanzia 2021 programu hiyo ikaweza kumtambua mtu au anga na kuchora maski yenyewe. Zana zimekuwa nyepesi kutumia, lakini hesabu iliyo chini yake ni ileile.

Picha ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, inatosha kuonyesha jinsi taarifa iliyomo ndani ya faili inavyoifunga mikono brashi. Nchi yetu ya Uganda imekatwa na mstari wa ikweta, na mnamo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, kwa hiyo macho ya mtu aliye nje huzama katika kivuli cha paji la uso huku kanzu za upande wa bwana harusi zikimeremeta. Mpiga picha akiipimia kamera nyuso, kanzu huungua: katika faili la JPEG kila pikseli ya mabegani husomeka 255 katika nyekundu, kijani na bluu, nayo ndiyo namba ya juu kabisa. Brashi ya kupunguza mwangaza ikipitishwa hapo, zile 255 hushuka zote kwa pamoja, na mteja hukabidhiwa kanzu ya kijivu isiyo na mkunjo wala mshono. Darizi ya shingoni itaonekana kwa sababu ilirekodiwa. Mikunjo ya begani haitaonekana kwa sababu haikurekodiwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Faili la RAW, yaani lile linalotunza vipimo vya sensa kabla kamera haijavichakata, lina nafasi zaidi, ingawa nafasi hiyo nayo ina kikomo chake. Faili la biti 14 huwa na ngazi 16,384 za mwanga, na kwa kuwa sensa hupima mwanga kwa uwiano ulionyooka, nusu ya ngazi hizo, yaani 8,192, huchukuliwa na stopu (hatua ya mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu) moja tu ya juu kabisa. Stopu inayofuata hupata 4,096, na kila ukishuka idadi hukatwa nusu, hata stopu ya sita ikabakiwa na ngazi 256 na ya nane ngazi 64. Uso uliozama kivulini ukiongezwa stopu mbili kwa brashi, kila namba huzidishwa mara nne, na chembechembe (vidoadoa vinavyotokea picha ikikosa mwanga) zilizokuwa zimejificha gizani huzidishwa vilevile. Wanaopiga picha za gorila wa milimani katika msitu wa Bwindi, ambako flashi hairuhusiwi, hukutana na jambo hili mara kwa mara: manyoya meusi, kiza cha chini ya miti, na kamera iliyolazimika kupandishwa ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga. Brashi ikiuinua uso wa mnyama peke yake, uso huo hujaa chembechembe ilhali majani yaliyouzunguka yamebaki laini, na tofauti hiyo ndiyo inayolisumbua jicho kuliko hata chembechembe zenyewe. Mimi huona ni afadhali kuuacha uso ukiwa na giza kidogo kuliko kuufanya uonekane umetoka katika kamera nyingine.

Ukingo wa kitu unahitaji maelezo ya kina zaidi, kwa sababu wengi hudhani kwamba brashi ikiharibu ukingo basi kosa ni la mkono wa mhariri. Kuza picha hadi asilimia 300 pale ambapo nywele za bibi harusi zinakutana na anga. Hutaona mstari, utaona pikseli chache ambazo si nywele wala si anga, kwa kuwa kila moja ilipokea mwanga kutoka pande zote mbili. Tuseme kwamba, kwa kipimo cha mwanga ulionyooka, anga ni 240 na nywele ni 20, na kwamba pikseli mojawapo ya mpakani imefunikwa na nywele kwa asilimia 40 na anga kwa asilimia 60. Thamani yake itakuwa 152. Sasa tunataka kulitia anga giza kwa stopu moja, lishuke hadi 120, bila kuzigusa nywele. Kama anga lingekuwa na giza hilo tangu kamera ilipobonyezwa, pikseli ile ingekuwa 80. Programu, hata hivyo, haioni nywele na anga ndani ya pikseli. Inaona 152 tu. Maski ikiiacha nje, hubaki 152, inang'aa kuliko anga lenyewe, na hapo ndipo unapozaliwa ule utepe mweupe unaokizunguka kichwa. Maski ikiwa sahihi kabisa, yaani ikiipa pikseli hiyo asilimia 60 ya badiliko sawasawa na sehemu ya anga iliyomo, jibu huwa kama 106, bado juu ya 80 inayotakiwa. Kwa maneno mengine, hata maski isiyo na kasoro hukosea ukingoni, na hakuna mkono mtulivu wala kalamu ya bei kubwa inayoweza kulirekebisha hilo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba katika mfano huohuo, maski ikiimeza pikseli yote, jibu huwa 76, karibu kabisa na ukweli. Ndiyo maana, unapotia giza anga lililo nyuma ya nywele nyeusi, ni heri brashi iingie kidogo ndani ya nywele kuliko kuishia nje yake. Nywele zikipungua kutoka 20 hadi 10 hakuna atakayejua. Lakini mbinu hiyo haifai kwa mabega yaliyochongoka ya gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) ya rangi ya dhahabu, kwa sababu huko brashi ikiingia ndani huacha mstari wa giza juu ya kitambaa kinachong'aa. Kulainisha ukingo wa brashi nako hakutatui jambo. Mpito wa brashi laini unaweza kuwa na upana wa pikseli 40 au zaidi, na unywele mmoja una pikseli mbili au tatu. Kinachopatikana ni utepe uleule uliotandazwa ukawa ukungu.

Brashi zenye uwezo wa kufuata ukingo zenyewe hulinganisha rangi iliyo katikati ya brashi na rangi za jirani, kisha hukubali zinazofanana na kukataa zinazotofautiana. Hufanya kazi vizuri pale penye tofauti ya wazi, kama gomesi nyekundu mbele ya migomba. Kanzu nyeupe mbele ya tenti jeupe huzishinda mara moja, na kwenye picha yenye chembechembe nyingi huacha vidoadoa kwa sababu kila chembe huhesabiwa kuwa rangi tofauti. Maski zinazotokana na akili mnemba zina nguvu zaidi kwa kuwa zimefunzwa maumbo ya watu na vitu, lakini nazo zinakisia: hupunguza ncha za mabega ya gomesi, hula misuko myembamba, na huziba uwazi mdogo ulio kati ya mkono na kiuno. Inafaa kuikagua kila maski kwa kuionyesha peke yake kwa weusi na weupe kabla ya kuiamini.

Hata pale ambapo taarifa ipo na ukingo umekubali, unabaki mwanga wenyewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo picha nyingi za sherehe zetu zinapoharibikia. Mhariri huchora maski kwa kufuata mpaka wa kitu, ilhali mwanga haufuati mpaka wa kitu chochote. Mfikirie ssenga, yaani shangazi, anayemtoa bibi harusi chini ya tenti la bluu. Jua linapopita katika turubai hupoteza sehemu kubwa ya nyekundu, na shavu moja la bibi harusi hugeuka kuwa na rangi ya bluu, wakati shavu la upande wa uwanja linapata mwanga mweupe wa nje. Mhariri akiuchagua uso wote na kuuongezea joto la rangi, shavu la bluu hurudi kuwa kahawia na shavu lililokuwa sawa hugeuka chungwa. Maski iliyohitajika hapo ilikuwa na umbo la mwanga wa tenti, ambao ulianza kwenye paji la uso, ukateremka shavuni, ukapita shingoni hadi kwenye bega na mkono, ukafifia polepole. Akiusafisha uso na kuisahau shingo na mikono, bibi harusi huonekana amevalishwa kichwa cha picha nyingine.

Brashi ya kuongeza mwangaza haiwezi pia kuhamisha chanzo cha mwanga. Huinua sehemu yenye nuru na sehemu yenye kivuli kwa pamoja, kwa hiyo kivuli kilicho chini ya pua hubaki kikielekeza kwamba jua liko juu, hata kama uso sasa una mwangaza wa mtu aliyepigwa picha dirishani. Jambo kama hilo hutokea kwenye picha za Nalubaale, ziwa ambalo wengine huliita Victoria, zinazopigwa jioni kutoka Entebbe. Maji hayarudishi mwanga wote unaoyafikia, na kwa kawaida taswira ya anga iliyomo majini huwa na giza kuliko anga lenyewe. Mhariri akilitia anga giza kwa maski na kuyaacha maji yaking'aa kuliko anga, mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Kwa wapiga picha wa habari, mpaka huu hugusa pia uaminifu. Eneo linaweza kutiwa giza kwa brashi hadi kilichokuwamo kisionekane tena, na hilo ni sawa na kukifuta. Mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya karibu na mwisho kwa sababu za uhariri, na miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni vivuli vilivyotiwa weusi hadi maudhui yakapotea.

Kuna mipaka mingine midogo ya kikazi. Alama za brashi katika programu kama Lightroom huhifadhiwa kama maelekezo, picha ya asili haiguswi, na programu nyingine inaweza isiyasome maelekezo hayo. Zikiwa nyingi, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huanza kusuasua. Tena alama zilizonakiliwa kutoka picha moja hadi nyingine hukaa palepale zilipochorwa, kwa hiyo ssenga akisogea hatua moja, mwangaza uliokusudiwa uso wake huangukia kwenye nguzo ya tenti. Maski ya kumtambua mtu hukokotolewa upya katika kila picha, lakini nayo hulazimu kukaguliwa upya.

Kwa sababu hizo, dakika chache za kumsogeza bibi harusi hadi ukingoni mwa tenti, mahali ambapo mwanga mweupe wa nje unamfikia bila jua la utosi, zina thamani kuliko saa nzima ya brashi. Ubao mweupe uliokunjuliwa chini ya kidevu huingiza mwanga katika macho, na mwanga huo una mwelekeo wa kweli. Kamera ipimwe kwa kanzu na faili liwe la RAW. Brashi ibakiziwe nusu stopu, iwe pana, iguse shingo na mikono pamoja na uso. Na kabla faili halijapelekwa kwa wachapaji wa Nasser Road jijini Kampala, likaguliwe kwa asilimia 100 kando ya kila kichwa kilicho mbele ya anga, maana utepe usioonekana kwenye simu huonekana wazi kwenye picha iliyochapwa juu ya turubai ya mita moja.